Fundi Wapi na Kulabu Namba Sita

Tarehe 30 Juni
Kwa Fundi Wapi, meza ya magurudumu

Leo saa kumi jioni Fundi Wapi anastaafu, baada ya kuitumikia karakana yetu ya baiskeli kwa miaka thelathini na mmoja na miezi miwili. Meneja ameniomba mimi, mtunza stoo, niandike wasifu wake kwa jarida la wafanyakazi, kwa kuwa ndimi ninayempa matairi kwa miaka kumi na tisa sasa. Aliniambia nitaje mafanikio. Nimejaribu.

Wapi si jina lake la kwenye mshahara. Alipewa na wateja, kwa sababu kila aliyekuja kutaka tairi aliulizwa kwanza, "Unakwenda wapi?" Asiyejibu hakupewa tairi. Wengine walidhani ni umbea. Mke wa mteja mmoja alikuja kumshukuru, maana jibu lile yeye alikuwa akilitafuta kwa muda mrefu.

Fundi hakuwa mmbea. Tairi la lami ni jembamba na gumu; likifika kwenye changarawe linarukaruka kama mbuzi. Tairi pana lenye meno linaishika changarawe vizuri, lakini kwenye lami linanguruma njia nzima na kukuvuta miguu. Hakuna tairi zuri, alisema, kuna tairi na barabara yake. Tukayaandika maneno hayo ukutani kwa rangi ya bluu. Akayafuta. Alisema ukuta hauendi popote.

Jibu la mteja aliliandika kwenye kadi na kulifunga kwenye usukani. Ndiyo maana baiskeli zetu hazijulikani kwa majina ya wenyewe. Ziko "Sokoni", "Shuleni kwa njia ya mkato", na "Zahanati, kupitia mtoni". Mchungaji mmoja alipoulizwa anakwenda wapi alijibu, "Mbinguni." Fundi alikuwa amekwishashika kalamu.

"Na kabla ya hapo?"

Mchungaji alifikiri, akasema kabla ya hapo kuna makanisa matatu upande wa machimbo ya kokoto. Alifungiwa matairi ya milimita arobaini, na mpaka leo bado anahudumia kokoto.

Yupo pia wakili aliyetaka matairi mapana kuliko yote dukani, na breki za diski, na gia kumi na mbili za nyuma, kwa sababu aliziona kwenye picha. Ilibainika kwamba kutoka kwake mpaka ofisini ni hatua mia mbili, zote za lami. Fundi alimshauri atembee. Wakili akatembea. Meneja wa wakati ule akamwandikia Fundi barua ya onyo. Siku hiyohiyo mkunga alifika na tairi lililochanika ubavuni, na stoo hatukuwa na la saizi yake. Fundi aliikunja barua mara nne, akaiweka ndani ya tairi pale palipochanika ili tyubu isitokeze, na mkunga akafika kwa mzazi kilomita kumi na mbili bila kushuka. Mtoto ni wa kike. Hiyo ndiyo barua pekee ya onyo katika faili la Fundi, na kwenye faili haimo.

Upepo aliupima kwa kidole gumba. Ofisi ilimnunulia geji. Alibonyeza kwanza, akataja namba, ndipo akaangalia geji. Zikitofautiana, aliipeleka geji kutengenezwa.

Marehemu mume wangu alikuwa msoma mita za maji, na alikuwa mteja wa Fundi. Walibishana miaka kumi na mmoja juu ya gia moja. Fundi alitaka gia ya mbele iwe ndogo, kwa ajili ya vilima vya changarawe. Mume wangu alisema gia ndogo ni ya wazee. Akija kutiwa kiraka tu, nilijua chai yake itapoa.

Alifariki miaka mitatu iliyopita, kwa maradhi. Matanga yalipokwisha niliileta baiskeli iuzwe. Fundi aliniuliza kama anavyouliza watu wote.

"Shemeji, unakwenda wapi?"

"Siendi popote."

Akaandika kwenye kadi: *Popote, hapana.* Akaitundika baiskeli kwenye kulabu namba sita, akasema baiskeli ya hivyo haijawa tayari kuuzwa. Kila Ijumaa aliishusha, akazungusha magurudumu, akabonyeza matairi, akairudisha. Kwenye daftari la stoo niliandika kila mwezi, "Kulabu 6, baiskeli moja, haiendi popote." Mkaguzi aliuliza maana yake. Nilimwambia ni kama ilivyoandikwa.

Mwezi Mei Fundi alianza kukabidhi meza yake kwa dada wa kuchomelea, ambaye anaichukua kuanzia kesho. Akanifuata stoo.

"Shemeji, kulabu nakabidhi tupu. Sita ina mzigo. Mpaka Ijumaa uwe umeniambia unakwenda wapi."

Nilifikiri siku mbili. Mume wangu alikuwa akienda kwa mama yake kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, kilomita ishirini na sita, sita za lami na zilizobaki changarawe. Tangu mazishi sikuwa nimekwenda. Mama mkwe alituma salamu kwa watu, nami nilizirudisha kwa watu. Niliogopa kufika mlangoni nikiwa peke yangu. Ijumaa nikamwambia Fundi, kwa mama mkwe.

Aliuliza tope huanzia wapi mvua ikinyesha. Aliuliza nitabeba nini. Aliuliza kwenye mteremko huwa nashika breki au nafumba macho. Nilisema vyote viwili. Mbele akafunga tairi la arobaini na mbili, ili linishike kwenye kona. Nyuma la arobaini, kwa sababu fremu ya marehemu haikuacha nafasi zaidi, "na nilimwambia." Alibadilisha raba za breki. Kisha akafungua ile gia kubwa ya mbele na kuweka ndogo.

"Yeye alikuwa na miguu ya ubishi," alisema. "Wewe una safari."

Siti aliiacha, na kengele. Gia kubwa aliifunga kwenye gazeti akaitia kwenye sanduku lake. Alisema ameshinda ubishi na anataka ushahidi. Akageuka kutafuta pampu, ambayo alikuwa ameishika. Alipomaliza kujaza upepo alikichukua kidole changu, akakibonyeza kwenye tairi. "Ugumu ni huu. Geji itakudanganya."

Nilikwenda Jumapili ya kwanza ya mwezi huu. Marehemu alitumia saa moja na nusu. Mimi nilitumia tatu. Mama mkwe aliitambua kengele kabla hajanitambua mimi, akatoka na kitambaa cha vyombo mkononi. Kisha akauliza mbona nimechelewa. Sikujua kama anasema saa au miaka. Niliomba radhi kwa vyote.

Sasa zawadi. Wafanyakazi tuliamua kumpa Fundi matairi mapya ya baiskeli yake mwenyewe, ambayo siku zote imevaa mabaki ya wateja. Jana nilimwendea na kadi na kalamu, nikamuuliza anakwenda wapi. Aliutazama mlango.

"Sijui, shemeji. Miaka yote nilikuwa nakuja hapa."

Kwa utaratibu wake mwenyewe, stoo haiwezi kutoa matairi. Basi baiskeli yake tumeitundika kwenye kulabu namba sita. Kwenye kadi nimeandika, *Fundi. Hajajua bado.* Kila Ijumaa tutaishusha, tutazungusha magurudumu na kubonyeza matairi kwa kidole gumba.

Fundi, asante kwa kuuliza. Tunakutakia afya, na usingizi wa mtu asiyeamshwa na pancha ya mwenzake. Usiharakishe. Siku utakapojua unakokwenda, utukumbuke, uje uchukue matairi yako.