Ngoma ya Topeni

Gogo la mkoko mbele ya kibanda cha Sadallah, muuza kahawa wa kijiji kimoja cha delta ya Rufiji, halikuwa likikaa tupu, hata mwaka ule wa pili wa vita vya maji, watu walipokuwa wakitazamana kwanza ndipo wasalimiane. Alikaa hapo Kigego, mzee wa jino moja na methali mia, zote anazielekeza siko. Alikaa Kafi, mvusha watu, mbishi hata usingizini. Na alikaa Mshamu, mpika chumvi, mtu wa maneno machache. Siku ile Mshamu alikuja amevaa kanzu yake ya Idi, wala hakuna aliyemuuliza kwa nini. Kijiji kizima kilikuwa kimetoka kumtazama dada yake, Sijaona. Akida wa Wajerumani alikuwa amepiga marufuku ngoma, kwa kuwa wapiganaji walijifunzia vita humo humo ngomani. Miezi tisa hata harusi zilipita kimya. Asubuhi ile, maji yalipokupwa, Sijaona akawatoa wanawake wenzake kwenye tope la mtoni, bila ngoma hata moja, wakacheza kwa kuteleza.

— Ngoma ni mbio, akaanza Kafi. Mliwaona walivyochomoka mikokoni? Shwaa! Kama kambare kaona kitoweo. Hapana kingine.

— Kweli kabisa, akadakia Kigego. Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka.

— Mzee, hiyo yanipinga!

— Yakupinga wapi? Wale walitaka baraka? Walitaka mbio.

Sadallah akainamisha dele, akammiminia kila mtu kikombe.

— Mbio hata mbuzi anazo, akasema. Ngoma ni mzunguko. Yule Mwanasiti kazunguka juu ya kisigino kimoja mara saba, kizunguzungu nikakipata miye niliyesimama.

— Kajipaka mafuta ya papa, huyo, akasema Kafi.

— Mafuta! Tope lile lina mwenyewe, akasema Kigego, akishusha sauti. Sijaona kampelekea yai la kuku mweupe. Jini ndiye aliyekuwa akiwashika viuno wasianguke.

— Jini wapi! Kafi akapiga paja. Ni maji ya hongo yale, dawa ya vita. Wamejinyunyizia nyayoni. Kama yatelezesha risasi, yatashindwa na miguu?

Mshamu akaweka kikombe chini.

— Kafi, akasema taratibu, maji yale shemeji yangu Salumu, mumewe Sijaona, aliyanywa, akaoga, akaenda nayo vilimani. Risasi haikuteleza.

 Kafi akatazama vidole vya miguu yake.

— Nisamehe, ndugu yangu. Ulimi tu.

— Si neno. Lakini msimpe jini kazi ya dada yangu. Miye nimemwona. Mwezi mzima, kila maji yakipwa, yuko topeni na kijiti, anachora, anafuta, anachora tena. Ule mwinamo wa kwanza ni kupandikiza mpunga. Ule wa mguu nyuma, mkono juu, ni mtu anasukuma mtumbwi kwa upondo. Kila hatua inazaa ya pili. Siku moja Johari alitaka kutia mruko wake katikati, kwa kuwa anaujua na unapendeza. Sijaona akamwambia, "Mruko mzuri, mwanangu, lakini umetoka wapi na unakwenda wapi?" Mruko ukatolewa.

— Na mdundo je? Sadallah akauliza. Miye nimesikia mdundo.

— Pumzi zao. Kumi na wawili wanavuta pamoja, wanatoa pamoja.

— Ndiyo maana akida kachanganyikiwa! Kafi akacheka, akasimama kuigiza, kifua mbele. "Ngoma hii! Mnapiga ngoma!" Na Sijaona, tope mpaka magotini: "Ngoma iko wapi, bwana? Itafute." Askari wakapekua mikokoni, wakapekua hata matenga ya kaa. Hawakuona kitu. "Basi mnafanya nini?" "Tunapita, bwana. Tope linateleza."

Wakacheka mpaka dele likatikisika. Mshamu naye akacheka. Alikuwa amemwona askari mmoja akikaa juu ya mzizi, bunduki magotini, akitazama mpaka mwisho na mdomo wazi, akida akimwita asisikie. Mshamu hakuwahi kujisikia mrefu kama alivyojisikia pale.

— Ila kasoro moja, akasema Kigego. Mstari ulikuwa na mapengo kama kinywa changu. Mwanamke, pengo, mwanamke, pengo, pengo. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta!

— Hizo si kasoro, mzee, akasema Mshamu. Ni nafasi za waliokwenda vitani wasirudi. Wanawake wanapita ubavuni mwao, hawawagusi. Pale walipozunguka wote mikono wazi, kila mmoja alikuwa anamzunguka mtu.

Kigego akageuka kuutazama mto. Mwanawe mkubwa, Sikujua, aliondoka siku ile ile aliyoondoka Salumu, wala hakurudi.

Pembeni palikuwa na mgeni, Kondo, mkulima wa Utete aliyesimama kungoja kuvushwa, kikombe mkononi.

— Samahanini, wazee wangu. Nafasi hizo zilikuwa ngapi?

Kafi akamtazama Sadallah. Sadallah akamtazama Kigego.  Mshamu alihesabu mpaka tisa, kisha macho yakamjaa asione. Wengine walikuwa wametazama miguu, hawakuhesabu.

— Maji yanajaa, akasema Kafi. Twendeni tukazihesabu kabla hayajazifuta.

Wakaacha kahawa ikifuka. Walipofika mtoni, maji yalikuwa yamekwisha kula nusu ya uwanja. Nusu iliyobaki ilikuwa na michirizi mirefu, laini kama iliyopigwa kwa mwiko, na baina ya michirizi, upana wa mtu, tope lisilokanyagwa.

Mshamu hakukunja kanzu ya Idi. Akaingia, akasimama kwenye nafasi ya kwanza, kifua mbele.

— Salumu, akasema kwa sauti.

Kigego akamfuata, akitetereka, Kafi kamshika mkono. Akasimama kwenye ya pili. Safari hii hakuwa na methali.

— Sikujua, akasema. Mwanangu.