Miguu Bado

Wiki ile ubaguzi ulipofutwa mabasini, hapa kwetu Alabama, bibi mmoja mweusi alilipa nauli kwa dereva, akashuka, akakimbilia mlango wa nyuma kama tulivyolazimishwa miaka yote. Dereva mzungu, ambaye zamani angeondoa basi na kumwacha matopeni, alingoja.

“Mama, tumegomea mabasi tukatembea mwaka mzima, nawe bado unakimbilia nyuma?” alipaza sauti dada aliyekaa mbele. Mimi nilikaa katikati. Sikutaka kesi na mtu.

“Kichwa kimesikia habari, mwanangu. Miguu bado.”

“Basi njoo huku.”

“Kwa hao wazungu walionuna? Niache nipumzike.”

“Sasa tuligombania nini?”

“Hayo hayo mapumziko.”

Walibishana hadi kituo cha bibi. Bibi akapita katikati ya basi, polepole kama bi harusi, akashukia mlango wa mbele. Dereva akangoja tena.