Kulungu wa Bosi

Kwenye basi la kutoka Remera, mbele yangu alikaa Shallon, mpishi aliyekuwa akienda kazini kwa bosi wake Nyarutarama, akimlalamikia jirani yake wa kiti, Wenceslaus, daktari wa mifugo kutoka Tanzania.

"Bosi alileta kulungu wawili wa Ulaya, wa kupamba bustani. Sasa iko kundi zima! Wanaruka ukuta, wanakula maua ya watu. Mwakani watafika Kiyovu, wakae na mabalozi. Leo ananiambia niwakamate."

"Usithubutu, dada. Ukimkimbiza kulungu na kumfunga, hofu peke yake inaweza kumuua. Mwachie njia. Akishaona yuko salama, atatulia, ataendelea kula."

"Ataendelea kula maua ya nani?"

Daktari akakohoa. Maua hayakuwa fani yake.

"Bosi akifoka," Shallon akasema, "sufuria inanitoka mkononi. Mimi nani ananiachia njia?"

Basi likasimama Nyarutarama. Shallon akashuka, akavuka barabara, akasimama kusubiri basi la kurudi kwake Remera.

Daktari akatoa kichwa dirishani. "Dada! Mimi nilikuwa nasema kulungu!"