Wamama Walioahidi Kunyamaza

Bwana asifiwe, watu wa Kashojwa! Asifiwe na ninyi mnaosinzia kule nyuma!

Ndugu zangu, mnanijua. Ni mimi Neema, binti ya Mama Riziki muuza maharagi. Nilisomea kazi ya maabara kule Mbarara, nikarudi na diploma, nikakaa. Nilitamani kujifunza utafiti, nijue kwa nini malaria inawarudia watoto wetu hata wakimaliza dawa. Lakini kila fasi nilipoomba kazi, walitaka mtu mwenye uzoefu. Uzoefu ningeutoa wapi? Nikawa napima maharagi sokoni na mama, moyo unalia huku nawachekea wateja.

Kisha mwalimu wangu wa Mbarara akanitumia habari ya ufadhili: mafunzo ya miaka miwili, kwa watafiti wanaoanza tu. Nikaomba, wakaniita kwa mahojiano ya video. Mtandao unashika vizuri hapa kanisani, basi nikaja hapa. Wamama wa maombi wakasema watasali nyuma ya ukuta, kimya. Kimya! Mama Riziki ndiye aliyeahidi wa kwanza.

Ndugu zangu, niliogopa! Wakubwa wale wa ufadhili wakauliza utafiti wangu utamsaidia nani. Kiingereza chote kikanikimbia. Nikabaki nakodoa macho kwenye simu. Wamama waliposikia nimenyamaza, wakajua shetani amenikaba koo. Mama akapasua sauti: "Yesu! Fungula kinywa ya mutoto wangu!" Wote wakamfuata, na ngoma juu yake!

Wale wakubwa wakashtuka: kelele gani hiyo? Nikacheka, na katika kile kicheko Bwana akaniondolea woga wote. Nikajibu, "Hao ndio watakaosaidiwa. Mwenye sauti kubwa ni mama yangu. Alimzika kitinda mimba wetu hapa kambini Nakivale, kwa malaria." Kisha nikaeleza kila kitu bila kutazama karatasi.

Wamenichukua! Jumatatu naenda Mbarara kuanza mafunzo.

Asante, Mungu wangu. Wamama, asante kwa kushindwa kunyamaza, nawapenda mingi. Nawe kijana uliyeficha diploma chini ya godoro, itoe, uombe nafasi, mtumaini Bwana. Hata ukikosa maneno, yeye yupo.

Nitarudi na sindano, kuchukua damu ya utafiti. Najua atakayekimbia wa kwanza! Mama, uliomba kinywa changu kifunguke, kikafunguka. Siku hiyo ya sindano, mama yangu mpenzi, nyoosha mkono.