Mvinyo wa Kutema

Toka Kahama Bujiku alikaa ndani ya basi nyuma ya kijana na mama mmoja, akijifanya amesinzia, maana maneno ya jirani hayalipiwi nauli.

"Miaka mitatu kwa mabruda, wale watawa watengeneza mvinyo wa Dodoma," kijana Otmar alimwambia mama aliyeketi naye. "Nimekamua zabibu, nimeosha mapipa, nimefundishwa kuonja. Mshahara mdogo, lakini ni ufundi. Siku ya posa nikaonja mvinyo wangu mbele ya wakwe, nikautema chini kifundi, ndipo nikawamiminia. Mpaka leo posa haijajibiwa. Sasa wameniita tena, nije na chupa nyingine."

Mama huyo, Anisia, mpika pombe wa Tinde, alishika kichwa. "Ukautema! Baba, mwenye pombe hunywa kwanza, wageni wajue haina sumu. Wewe umetema, kisha ukampa mkweo?"

"Nikimeza kila pipa, mama, jioni nitaokotwa mtaroni."

"Huko kuna mapipa. Huku unatafuta mke. Leo meza!"

"Bruda alisema fundi hamezi."

"Bruda ana mke?"

Bujiku alikohoa ili asicheke. Otmar alikuwa anaitoa chupa kwenye mfuko basi liliposimama Ushirombo. Wazee wanne wa upande wa binti walikuwa wanamngoja kituoni, na walikuja na bilauri moja tu, wakamnyoshea yeye kwanza.