Mpira Umekwisha

Benchi lenyewe ni ubao mmoja juu ya mawe mawili, chini ya paa la duka la fundi cherehani, pale njia mbili zinapokutana. Wanaoketi pale kila asubuhi wanajulikana. Kuna Sindano, mwenye duka, anayeshonea mlangoni ili asipitwe na neno. Kuna Profesa, karani mstaafu wa shule, ambaye hakuwahi kufundisha hata somo moja lakini methali anazo gunia zima, ila kila akichomoa moja huwa ya shughuli nyingine. Kuna Mama Birika, muuza kahawa. Na mwisho kabisa wa ubao, nusu tako benchini, nusu hewani, kuna Mzee Taratibu, dereva mstaafu, mwenye lile gari jeusi la zamani linaloegeshwa ng'ambo ya barabara. Huliendesha kana kwamba limebeba mayai.

Miaka thelathini na moja Taratibu aliwaendesha wakubwa wa ofisi moja, na wote walimjua kwa kisogo. Walizungumza nyuma yake, si kwa kumsengenya, bali nyuma yake hasa, kiti cha nyuma. Alipostaafu akauziwa gari, akarudi kwenye nyumba yenye vikombe sita ambako hutumia kimoja. Mkewe alishatangulia. Watoto wako mbali, hupiga simu Jumapili. Upweke ukamtoa nyumbani ukamleta benchini, na miezi minne akawa msikilizaji tu, wala hakuna aliyemuuliza lolote. Mpaka siku moja mvua ilipoingia garini, akajikuta amesema:

— Mpira umekwisha.

— Umekwisha ngapi ngapi? — Sindano akadakia. — Nani kafunga?

Birika zima la kahawa liliisha wakieleweshana. Mbele ya kioo cha gari lile kuna kimlango cha bati, hufunguliwa kwa mkono wa chuma kutoka ndani ili hewa iingie. Kimlango hicho kimezungukwa na mpira, na mpira umelika, ndiyo maana maji hupita. Siku hiyo Taratibu alirudi nyumbani taya zinamuuma kwa kuongea. Kesho yake akaenda kununua mpira mpya, akautia mfuko wa kulia wa koti, akaja nao benchini. Hakuuweka. Ukishawekwa, nani tena atamuuliza habari ya gari? Sasa ilikuwa wiki ya tatu.

— Haya, mgonjwa anaendeleaje? — Profesa akaanza asubuhi hiyo.

— Anavuja bado. Jana viatu vimelowa vyote.

— Mimi nimeshalijua hilo, — akasema Sindano. — Gari limenenepa. Bati likipigwa jua miaka hamsini linatanuka. Kimlango ni kilekile. Ni suruali ya bwana harusi hiyo, mvalishe baada ya miaka kumi uone kama zipu itafunga.

— Acha ushonaji wako. Gari linalia lile. Lilizoea kubeba wakubwa, leo linabeba vitunguu. Wahenga walisema, mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Sasa gari limegaagaa, litakaukaje?

— Wahenga hawakuwa na gari, Profesa.

— Walikuwa na punda.

— Punda ana mpira?

— Nyote hamjui kitu, — Mama Birika akaingilia huku akimimina. — Maji hayaingii. Yanatoka.

— Yanatoka wapi?

— Kwenye viti! Wakubwa wamekaa humo miaka thelathini wakitoa ahadi na jasho. Viti vimenyonya. Mvua ikinyesha, vinakumbuka.

— Ndipo wahenga waliposema, — Profesa akanyanyua kidole, — kikulacho ki nguoni mwako.

Taratibu alicheka mpaka kahawa ikamwagika, mkono mmoja mfukoni, umeubana mpira. Kwa wiki tatu methali zote zilikuwa zimeitwa pale, isipokuwa ile ya ufa na ukuta, ambayo hata mtoto wa chekechea angeitaja. Alishukuru kimoyomoyo kwamba Profesa ni msahaulifu.

Hapo akafika binti mmoja mgeni, fundi mpya wa gereji ya mtaa wa pili, na ovaroli yake imepasuka goti.

— Shikamooni wazee wangu.

— Marahaba, binti. Kaa, zamu yako inakuja.

Hakukaa. Alisikiliza kidogo, akavuka barabara, akainama kwenye lile gari, akarudi.

— Baba, mpira wake si huo unaochungulia mfukoni mwako?

Taratibu akatazama. Kweli, ncha nyeusi ilikuwa imetokeza.

— Ndiyo huo.

— Umeupata lini?

— Wiki tatu sasa.

— Mbona hujauweka?

Sindano alitafuta tundu la sindano ambayo tayari ilikuwa na uzi. Mama Birika alifuta kikombe kilichokwisha kufutwa. Profesa alifungua kinywa, na kwa mara ya kwanza gunia likawa tupu.

— Basi nipe, — akasema binti. — Si kazi ya kumchosha mtu hii.

Akabandua mpira wa zamani, ukamwagika vipandevipande. Akakwangua gundi kuukuu kwa kisu butu, akafuta kwa spiriti, akapaka gundi mpya pande zote mbili, akangoja mpaka isinate tena kidoleni. Kisha akaulaza mpira taratibu, bila kuuvuta.

— Ukiuvuta ili ufike, kesho utarudi nyuma uache pengo, — alimweleza Taratibu, aliyekuwa amesimama kando yake akimshikia kopo.

Akaomba kipande cha karatasi ya kukatia mitindo, akakifungia kimlango juu yake, akavuta. Karatasi haikutoka. Akajaribu pande zote, kote ikabanwa, mwisho ikachanika.

— Tayari, baba. Usikifungue mpaka kesho. Hapo hapiti hata sisimizi.

— Ahsante, mwanangu, — akasema Taratibu, na shukrani ilikuwa ya kweli, na uchungu pia ulikuwa wa kweli.

Goti likashonwa, binti akaenda zake.

— Haya, — Sindano akasema mwishowe. — Mpira umekwisha.

Hakuna aliyecheka.

Alfajiri mvua ikanyesha. Taratibu akatoka na mwavuli, akafungua mlango wa gari, akapapasa zulia la miguuni. Kavu. Akapapasa tena kwenye pembe. Kavu kabisa. Alikaa kwenye kiti cha dereva mpaka mvua ilipokatika, na humo ndani hamkusikika kitu.

Asubuhi alipofika benchini walikuwa wakibishania nguzo ya umeme iliyoinama, kama imechoka au inachungulia dirisha la mtu. Wakaitikia salamu, wakaendelea. Akakaa palepale pake, nusu tako. Akanywa kikombe cha kwanza. Akanywa cha pili. Hakuulizwa kitu.

— Kuna kitu kinagonga, — akasema.

Wakaiacha nguzo. Gari lile halikuwa limegonga tangu lizaliwe, na yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote duniani. Akainamisha macho.

— Kwenye gari, — akaongeza.

Sindano hakuinua kichwa kwenye cherehani.

— Hilo koti niachie leo. Mfuko wa kulia umevutika, niutie mshono.

— Umevutika?

— Wiki tatu hizi. Mimi fundi nguo, bwana. Mfuko wenye kitu nauona tangu ng'ambo ya barabara. Niliwaambia hawa siku ileile.

Masikio yakamwaka moto Taratibu. Akamtazama Profesa. Profesa alikuwa akiitazama kahawa yake kana kwamba imeandikwa. Mama Birika akamjazia kikombe cha tatu bila kuombwa, kisha akamsukuma Profesa kwa nyonga.

— Sogeeni huko, mwenzenu ataanguka.

Ubao ukalia. Nafasi ikapatikana, nafasi ya mtu mzima.

— Sisi tumekuuliza, — Profesa akasema, ingawa hakuna aliyekuwa ameuliza, — kinagonga mbele au nyuma?