Mama Subiri, Aliyepanga Foleni kwa Ukimya

Tarehe thelathini mwezi huu wa sita, muuguzi mkuu wa kituo chetu cha afya anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Nasema muuguzi mkuu kwa heshima ya cheo. Ukweli ni kwamba kwa muda mwingi alikuwa pia muuguzi mdogo, muuguzi wa kati na muuguzi wa akiba, maana alikuwa peke yake. Mtaa mzima humwita Mama Subiri. Mimi ni mtoa dawa wake, wa pale dirishani, na nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu fundi wa maabara amekataa, eti ataloanisha karatasi kwa machozi.

Alipoanza kazi alikuta vyumba vitatu, choo kisicho na mlango, na agizo la makao makuu kwamba kila mgonjwa ahudumiwe kwa zamu aliyofika. Agizo zuri kabisa. Tatizo ni kwamba mwenye chunusi aliwahi alfajiri, na mwenye homa ya kuweweseka akaletwa baadaye amelala kwenye toroli. Mama Subiri alilitii agizo hilo mpaka toroli lilipoingia getini.

Kuanzia hapo akaweka utaratibu wake. Anayepiga kelele ana pumzi, kwa hiyo asubiri. Aliye kimya aingie. Mtu akifika ameshika tumbo, anamwita mama yake, baba yake na mashangazi zake wote, Mama Subiri alimpa pole ya dhati, akamwonyesha benchi, kisha akampita kwenda kumwinua bibi aliyejikunyata pembeni bila neno. Watu walinung'unika wee, lakini bibi yule alipona.

Hata nyumbani mambo ni hayo hayo. Mumewe, fundi viatu, amekiri mbele yetu kwamba akilalamika mgongo anaambiwa asubiri, akinyamaza anakandwa. Siku hizi ni mpole ajabu.

Sasa, binadamu ni binadamu. Siri ikavuja, na haukupita muda hakuna aliyelia tena. Watu walipiga soga na kucheka vizuri mpaka getini, wakishaingia tu shingo zinalegea, macho yanafumba. Mwenye jino alilegea. Mwenye upele alilegea. Mama mmoja aliyekuja kumsindikiza dada yake naye akalegea, asije akaonekana hana ushirikiano. Mama Subiri hakukasirika hata kidogo. Alianza kupita benchi kwa benchi akisimulia vituko vya mumewe, na aliyecheka alisubiri. Wagonjwa wa kweli hawakucheka. Mimi dirishani nilicheka mpaka nikalazimika kuhesabu vidonge upya.

Kisha akaja mkaguzi. Sera mpya ilisema vituo vidogo visivyo na kazi ya kutosha vifungwe, wagonjwa waende hospitali kuu. Hospitali kuu iko upande wa pili wa mji, mabasi mawili na mwendo wa miguu juu yake. Kwa mjamzito au mzee hiyo si huduma, ni adhabu. Tulijua mkaguzi akisema tufunge, wapo watakaofia njiani. Hilo silifanyii mzaha.

Mkaguzi aliingia akakuta benchi zote zimejaa watu waliolegea, wameegemeana kama magunia. Alishtuka! Akatangaza kwamba hali hizi ni mbaya mno kwa kituo kidogo, wote wahamishiwe hospitali kuu sasa hivi, na akatoa simu kuita magari ya wagonjwa. Lo! Kusikia hospitali kuu, watu wakafufuka. Mwenye mguu mbovu ndiye aliyetangulia. Kufumba na kufumbua ukumbi ukawa mtupu, imebaki kandambili moja sakafuni. Mkaguzi akatazama kushoto na kulia, akasema kumbe kituo hakina wagonjwa kabisa.

Lakini mtu mmoja hakuinuka. Alikuwa dereva wa mkaguzi mwenyewe, aliyeingia kutafuta maji akakaa mwisho wa benchi, nasi tukadhani naye anaigiza. Mama Subiri alimtazama mara moja tu. Midomo ilikuwa imebadilika rangi, pumu imembana hata sauti haitoki. Maskini, alikuwa ameendesha tangu asubuhi akijikaza, anaogopa kumchelewesha bosi. Tulimbeba ndani, mtungi wetu wa pekee wa oksijeni ukafunguliwa, dawa ikaingia, na mkaguzi akapewa kazi ya kumshikia barakoa usoni. Alipojaribu kuuliza jambo, aliambiwa asubiri. Akasubiri.

Rangi ya dereva iliporudi, mkaguzi alikuwa analia waziwazi, akirudia kwamba huyu mtu ana watoto. Hospitali kuu asingefika. Kila aliyekuwemo alilijua hilo, na mkaguzi kuliko sisi sote. Kituo hakikufungwa. Mama Subiri, mkono ukiwa bado kwenye mapigo ya mgonjwa, akaomba hapo hapo mtungi wa pili na mlango wa choo. Vyote vilikuja, mlango kwa madaha yake.

Mwaka huu hofu ikarudi kwa njia nyingine. Ajira zimesimamishwa, na makao makuu walituambia kwamba akistaafu nafasi yake itabaki wazi kwa muda. Tunaijua hiyo “kwa muda” yao. Kituo bila muuguzi ni kuta na paa tu. Basi Mama Subiri alipanda basi na chupa yake ya chai, akaenda kukaa mapokezi ya makao makuu. Walipomuuliza shida yake, aliwatazama tu. Kesho yake akarudi, na kesho kutwa, mpaka wakubwa wakaanza kupitia mlango wa nyuma.

Wiki iliyopita muuguzi mpya aliripoti. Ni mama mchangamfu, mikono yake myepesi kwenye sindano, na ameshakabidhiwa funguo.

Mimi nina huzuni, na sioni sababu ya kuificha. Asante, Mama, kwa kila aliyetoka kituoni akitembea kwa miguu yake. Tunakuombea afya, usingizi mrefu na maisha mema ya kustaafu. Nenda kapumzike, Mama. Jumatatu tunafungua.